Futeni Hizo Kengele

Saa tisa usiku simu ililia. Diski ya seva moja imefika asilimia 80. Nikaamka, nikafungua kompyuta. Kwa kasi ile, ingejaa baada ya mwezi na zaidi. Nikalala. Saa kumi kasoro ikalia tena: prosesa ya seva nyingine imepanda. Kabla sijaingia, ilikuwa imeshashuka yenyewe. Ya tatu niliizima kwa kidole gumba, macho yamefumba.

Ya nne ndiyo iliyokuwa ya kweli, nayo niliizima vilevile. Malipo ya wateja yalikataliwa mpaka saa moja asubuhi. Waliojaribu kununua umeme kupitia kwetu walibaki gizani.

Kikaoni niliulizwa swali moja tu: mbona hukuamka? Kisha dawa ikapatikana: iongezwe kengele nyingine, ya kumwamsha mkubwa wangu nisipojibu ndani ya dakika tano.

Wahenga walishasema kelele za mlango haziwasi usingizi. Sikio likizoea, limezoea. Huwezi kulikaripia kikaoni. Julai 24, 1994, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, kililipuka. Katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, waendeshaji wawili walipigiwa kengele 275. Hiyo ni moja kila sekunde mbili na ushee. Watu 26 waliumia. Sidhani kama kuna mtu angethubutu kusema wale wawili walihitaji ya 276.

Lakini sisi ndivyo tunavyofanya, na sababu yake si ya kiufundi. Ni woga. Anayeongeza kengele huonekana makini. Anayeifuta, siku mambo yakiharibika, jina lake ndilo litakalotajwa. Kwa hiyo kila hitilafu inatuachia kengele yake na hakuna anayezika. Wanaosema "bora kelele kuliko kukosa" hawajawahi kushika zamu wiki nzima. Mimi nilikosa kwa sababu ya kelele.

Ninachodai ni kidogo. Kila kengele iulizwe: ikilia usiku, aliyeamshwa afanye nini? Kama jibu ni "aangalie tu", iende kwenye ripoti ya asubuhi. Simu ilie kwa yale yanayomuumiza mteja: malipo yanayokataliwa kwa dakika kadhaa mfululizo, si prosesa iliyochoka kidogo. Diski iniamshe ikiwa itajaa ndani ya saa nne. Prometheus, programu ya bure tunayoitumia, inaweza kupiga hesabu hiyo kwa mstari mmoja. Na anayetunga kengele mpya ashike yeye zamu ya usiku wiki ya kwanza. Hapo ndipo tutajua ni ngapi kweli ni za lazima. (Waliotunga za kwetu, wengi wao simu zao huzimwa saa nne.)

Mwezi uliopita niliandika kila kengele ya zamu zangu, na kando yake nilichofanya baada ya kuamka. Safu hiyo ya pili imejaa neno moja: hakuna. Nikaituma orodha kwa mkubwa wangu, nikaomba zifutwe.

Alijibu siku hiyohiyo. "Mdogo wangu, kazi nzuri sana. Tuziache kwanza, huwezi jua."