Herufi Zilizonenepa

Nathubutu kusema, na atakayekasirika na akasirike: hizi herufi nene, pana, zisizo na vijimkia, zilizoviringwa ncha kama maandazi, zimetunyang'anya majina yetu.

Shuka Kibamba, popote kando ya Barabara ya Morogoro, utazame maduka. Utasoma jina la kampuni ya simu, jina la soda, jina la saruji, hata jina la rangi yenyewe iliyopakwa. Jina la mwenye duka liko juu ya mlango, dogo mithili ya saini ya karani.

Langu lilikuwa vivyo hivyo, na kosa ni langu. Duka tulilifungua mimi na marehemu mke wangu, naye akaliita Subira. Fundi wa maandishi wa hapa hapa mtaani alilichora kwa brashi na rangi ya mafuta, bila rula, siku mbili nzima. S yake iliinama kidogo. Kisha wakaja vijana wa kampuni moja ya simu na ngazi na ndoo: mzee, tunakupakia rangi bure. Neno bure likanilevya. Jioni Subira haikuonekana. Mke wangu alitazama ukuta, akaingia ndani, asiseme kitu.

Nitaambiwa kwamba yanasomeka vizuri. Yanasomeka, sikatai. Wala sina ugomvi na unene. Kanga zetu zina herufi kubwa nene tangu maandishi yake yalipoacha hati ya Kiarabu, na hakuna anayelalamika, maana kanga humsemea aliyeivaa. Ukuta wangu ulikuwa unamsemea nani? Herufi ziitwazo VAG Rounded zilibuniwa mwaka 1979 kwa ajili ya wauzaji wa magari ya Volkswagen na Audi, ili wote wawe na sura moja. Haya, hao walikuwa mawakala wa kampuni. Muuza vitunguu wa Kibamba ni wakala wa nani?

Na tunaowapa kuta wenyewe hawadumu na jina. Celtel, iliyoanza hapa mwaka 2001, ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010. Tigo nayo mwaka 2024 ikawa Yas. Kila jina jipya, ndoo mpya za rangi. Ajabu ni kwamba sisi ambao majina yetu hayabadiliki ndio tunaofutwa.

Yule fundi sasa hulipwa kwa siku kujaza rangi ndani ya herufi zilizokatwa kwenye karatasi ngumu. Mkono wake haukosei, kwa sababu hauulizwi lolote.

Jumamosi iliyopita nilimwita. Tulikwangua kwa msasa tangu asubuhi, vumbi tupu. Chini ya tabaka la tatu ikatokea nusu ya S, bado imeinama. Akataka kuisugua yote aanze upya. Nikamwambia, fundi, anzia hapo hapo.