Tusiwapokonye Silaha Askari wa Damu

Unga wa mlonge na vidonge vya vitamini hunadiwa mjini Morogoro kwa sifa moja: vinaondoa sumu mwilini. Sumu yenyewe ni oksijeni kali. Lakini, ndugu msomaji, sehemu ya sumu hiyo mwili huitengeneza kwa makusudi. Chembe nyeupe ya damu ikimmeza bakteria humfungia kifukoni, huvuta oksijeni kwa pupa na kuigeuza peroksaidi ya haidrojeni. Kisha kimeng'enya huichanganya na chumvi ya mwilini, ikatoka asidi iliyo ndugu ya jiki ya kufulia. Mkulima wa Matombo aliyejikata kwa jembe huilinda damu yake kwa silaha hiyo. Wapo watoto wanaozaliwa na chembe zisizoweza kuitengeneza: chembe wanazo tele, ila majipu na nimonia haviwaachi.

Maabarani, dawa ya kuzima oksijeni kali kama asetilisisteini, ikiwekwa kwa wingi kwenye chembe nyeupe, huipunguza silaha hiyo. Kweli, chupa ya maabara si mwili wa mtu. Basi tutazame watu. Atakayenipinga atataja utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2004: wajawazito 1,078 wenye VVU, na waliopewa vitamini B, C na E walichelewa kuzidiwa. Ni sawa, lakini wakati ule ARV zilikuwa adimu. Baadaye, jijini humo humo, wagonjwa 3,418 walioanza ARV waligawanywa, wengine wakapewa dozi kubwa ya vitamini, wengine ya kawaida. Dozi kubwa haikuongeza nafuu yoyote, bali vipimo vya ini vilipanda kwa wengi zaidi, jaribio likasimamishwa kabla ya wakati.

Sisemi vitamini C ni adui. Chembe nyeupe zenyewe hujiwekea akiba yake, zisije zikaungua kwa moto wao. Wala siikatai asetilisisteini. Aliyezidisha paracetamol huokolewa ini kwayo, lakini hospitalini, kwa kipimo. Ninachokataa ni hesabu ya kwamba kidogo kikifaa, kingi kitafaa zaidi. Mananasi ya Kinole na mboga za Mgeta haziwezi kukuzidishia dozi. Kopo la vidonge laweza. Nawe unayetumia ARV au dawa za kifua kikuu, chukua kopo lako na unga wako, umwonyeshe daktari kabla hujameza tena.