Data za Swift Zimeshukia Ngomeni, Sisi Bado Twangoja Roketi

Nimechoka kusikia wimbo huu: "Kenya haina roketi, kwa hivyo sayansi ya anga si yetu." Jamani, huo ni uvivu uliovishwa suti.

Chukua milipuko ya miale ya gama. Nyota kubwa inapokufa, au nyota mbili za nyutroni zinapogongana, miale hiyo humwagika kwa muda mfupi, mara nyingi sekunde chache tu. Kinachobaki ni mng'ao unaofifia haraka. Ukichelewa, umekosa. Mwaka 1997 setilaiti ya BeppoSAX iliunasa mng'ao huo kwa mara ya kwanza, lakini ilichukua saa kadhaa kuielekeza, kwani ilibidi watu walio ardhini waamue na kutuma amri.

Setilaiti ya Swift ya NASA, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004, ilimwondoa binadamu katikati. Juu ya kifaa chake cha kunasa miale kuna vigae vya madini ya risasi vipatavyo 52,000, vilivyopangwa bila mpangilio maalum. Miale ikipita, vigae hutupa kivuli, na tarakilishi ya setilaiti hukokotoa kutokana na kivuli hicho mlipuko umetoka wapi. Kisha hukagua: je, ni nyota inayojulikana tayari? Je, nikigeuka huko nitatazama Jua? Kama ni salama, hugeuka yenyewe, na ndani ya dakika moja au mbili darubini zake za eksirei na mwanga zinatazama pale pale. Papo hapo tahadhari hutumwa duniani kote.

Hivyo ndivyo mlipuko wa tarehe 23 Aprili 2009 ulivyowahiwa na darubini za Hawaii na Chile. Mwanga wake ulikuwa umesafiri takriban miaka bilioni 13.

Umeona? Roketi ilifanya kazi siku moja. Kazi iliyobaki ni programu! Na programu, ndugu msomaji, ndiyo fani yetu.

Sasa lile linaloniuma. Tahadhari zilipitia setilaiti za Marekani, lakini shehena kubwa ya data za Swift ilishushwa katika kituo cha Waitaliano cha Ngomeni, karibu na Malindi. Kilifi hii hii! Kisha ikawekwa wazi kwa yeyote, bure. Tahadhari nazo husambazwa bure na mtandao wa GCN wa NASA.

Lakini nenda idara za kompyuta za vyuo vyetu uone miradi ya mwaka wa nne: mfumo wa maktaba, mfumo wa hoteli, mfumo wa maktaba tena. Wahadhiri wanaupitisha, mwanafunzi anafuzu, programu inafia kwenye CD.

Utaniuliza: miale ya gama italeta unga mezani? Haitaleta. Lakini anayeweza kuandika programu ya kutenganisha ishara ya kweli na kelele kwa sekunde chache, bila mtu wa kumuuliza, anaweza kunasa wizi wa pesa kwa simu au hitilafu ya umeme. Ujuzi ni ule ule, na data za kujifunzia hazina bei.

Kwa hivyo wahadhiri, kataeni mfumo wa maktaba mwaka huu. Nawe mwanafunzi, acha kungoja roketi. Data ilishatua nyumbani. Aliyekosekana ni wa kuifungua.