Deni Halifi, Kesi Hufa

Miongoni mwa maradhi ya miamala yetu ni kumstahi mdaiwa mpaka haki ikapotea. Tuchukue mfano wa mfugaji wa Lingeka aliyeuza ng'ombe kwa ahadi ya kulipwa baada ya mavuno ya pamba. Msimu hupita, na wa pili, naye amenyamaza kwa kuwa mdaiwa ni jirani yake, na msikitini husimama safu moja.

Sheria ya nchi haingoji stahi hiyo. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, Sura ya 89, imeweka miaka 6 kwa madai ya mkataba yasiyopangiwa muda mwingine, na miaka 12 kwa madai ya kurudishiwa ardhi. Hesabu huanza siku ahadi ilipovunjwa, si siku subira ilipokwisha. Shauri likifunguliwa nje ya muda hutupwa, hata kama mdaiwa hakuligusia jambo hilo.

Je, huu ni udhalimu? Twaona sivyo. Miaka ikipita, mashahidi hufa au huhama, hati huliwa na mchwa, na asiyedaiwa hukosa namna ya kujitetea. Wanazuoni waliotunga Majalla ya Dola ya Uthmaniya, iliyotoka kati ya 1869 na 1876, waliliona hilo. Waliweka ukomo wa miaka 15 kwa madai mengi, lakini wakabainisha kuwa haki yenyewe haifutwi na muda: mdaiwa akikiri mbele ya kadhi, miaka iliyopita haimwokoi.

Hapo ndipo lilipo somo letu. Kinachokufa ni kesi. Deni hubaki dhimmani. Anayejificha nyuma ya miaka 6, hali anajua anadaiwa, amemponyoka hakimu tu.

Nini kifanyike? Aya ya 282 ya Surat al-Baqara imetuelekeza kuandika deni la muda maalumu na kuliwekea mashahidi. Sheria nayo imeacha mlango: mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au akalipa sehemu, kabla ya muda kwisha, hesabu huanza upya. Basi anayeona haya kwenda mahakamani na aende na karatasi kwa nduguye. Mwungwana hatakataa kutia saini. Na akikataa, mdai amejua mapema kuwa subira yake inachezewa. Kumpa muhula mwenye dhiki ni jambo jema, lakini muhula huo nao uandikwe.

Wabillahi tawfiq.