TAHARIRI: Mdaiwa Naye ni Mtu wa Mungu



Wazee wa Nachingwea wanaukumbuka, au wamesimuliwa, mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Misitu ilifyekwa Kongwa, Urambo na hapa kwetu, reli ikajengwa kutoka Mtwara, lakini mavuno hayakuonekana. Mwaka 1951 Serikali ya Uingereza ilifuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Hatujasikia kwamba wakubwa waliokosea hesabu walinyang'anywa vitanda vyao.

Miaka 50 baadaye, mwaka 2001, nchi yetu nayo ilipunguziwa mzigo mkubwa wa madeni ya nje, baada ya kilio ambacho Kanisa lilikipaza wakati wa Jubilei Kuu ya mwaka 2000. Kumbe deni lisilolipika laweza kufutwa, na dunia isianguke. Twauliza basi: mbona habari hiyo njema haifiki Marambo, kwa mjane aliyekopa fedha ya chakula mwezi wa Machi?

Sote twaijua kangomba. Tuseme mama amepewa shilingi 50,000 wakati wa njaa, naye ameahidi kilo 100 za korosho wakati wa mavuno. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, iliyotangazwa na Serikali mwaka 2018, korosho hizo ni shilingi 330,000. Mikorosho ikishambuliwa na ubwiriunga, deni huvuka mwaka, na mama hukopa salfa kwa mtu yule yule. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Lakini huyu hakukopa kwa arusi. Alikopa ili watoto wale.

Wengi hudhani kwamba aliyeshindwa kulipa amebakiwa na njia mbili tu: kutoroka au kujidhuru. Hilo si kweli, na yatupasa kulisema wazi.

Kwanza, kushindwa kulipa kwa sababu ya umaskini si jinai. Mkopeshaji asiye na amri ya mahakama wala dhamana iliyoandikwa kihalali hana ruhusa ya kuingia nyumbani na kubeba sufuria.

Pili, mdaiwa aweza kukaa na wanaomdai, kuorodhesha madeni yote, na kuandikiana mapatano mapya mbele ya mashahidi. Shauri likifika mahakamani, aweza kuomba kulipa kwa awamu. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai nayo huvikinga baadhi ya vitu visikamatwe, kama vile zana za kazi za mkulima na nyumba anamoishi na familia yake, isipokuwa kama aliviweka rehani.

Tatu, ipo njia ya ufilisi. Tangu enzi ya mkoloni sheria ya Tanzania Bara imemruhusu mtu aliyelemewa kwenda mwenyewe Mahakama Kuu na kuomba atangazwe kuwa amefilisika. Mali yake hukabidhiwa msimamizi, wadai hugawiwa kwa haki, na baadaye mahakama yaweza kumfungua ili aanze upya. Njia hii ni ndefu, ina gharama, na haifai kwa kila deni dogo. Anayeficha mali hutenda kosa, na madeni ya udanganyifu hayafutiki. Hata hivyo, sheria yenyewe yakiri kwamba binadamu hapaswi kuwa mtumwa wa deni hadi kaburini.

Maandiko Matakatifu yalitangulia kusema hivyo. Kumbukumbu la Torati sura ya 15 yaagiza maachilio ya madeni kila mwaka wa saba. Sura ya 24 yakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana ndiyo kuchukua uhai wa mtu. Katika sura ya 5 ya kitabu cha Nehemia, wakubwa waliokemewa kwa kutoza riba walikuwa ndugu wa wale waliolia. Nasi hatuna budi kukiri kwamba baadhi ya wanaonunua korosho zingali maua huketi nasi Misani, na pengine hushika uongozi. Kwao twasema kwa upendo: rudisheni kilichozidi. Sadaka iliyotoka katika jasho la mjane haiipambi altare.

Kwa mdaiwa twasema: dawa ya deni kulipa, pale unapoweza. Usifiche, usidanganye, usikope kwa huyu ili umlipe yule.

Kwa hiyo twaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zichague watu wawili waaminifu, wenye kutunza siri, wa kukaa na aliyelemewa na kuhesabu naye madeni. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Aitwe mmoja kabla mkulima hajatia dole gumba penye karatasi asiyoielewa. Kila jumuiya ianze pia mfuko mdogo wa akiba wakati wa mavuno, ili mwezi wa Machi jirani akopeshwe na jirani bila kuuza maua ya mikorosho yake.

Kila siku twamwomba Baba atusamehe kama nasi tunavyosamehe. Tusiyatamke maneno hayo huku daftari la kangomba li mfukoni.