Gari Haijakataa Kushuka, Ni Bushi Zimefungwa Hewani

Wasee, hii ya leo itaudhi watu, na wengi wao wana spana mkononi. Sawa tu. Nimechoka kuona gari imetolewa koilova, imerudishiwa springi zake za kiwanda, halafu inatoka gereji imesimama kama mbuzi aliyesikia fataki. Nyuma iko juu, ama gari yote iko juu, ama upande mmoja umeinuka na mwingine umelala. Ukiuliza unapewa majibu mawili: "Endesha tu, itashuka yenyewe," ama "Leta grainda tukate koili moja."

Msimamo wangu ni huu. Hakuna springi inafaa kukatwa, na hakuna spesa inafaa kuwekwa, kabla mtu hajalegeza bolti za amu na kuzifunga tena gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Kama kutu haijashika, ni kazi ya lisaa limoja hivi. Fundi akikataa kuifanya, tafuta mwingine.

Wengi wetu tunarudi stoki kwa sababu zinazofanana. Ulishusha gari ukiwa na miaka 22, ikakaa fiti kwa picha, kisha ukahamia mtaa wenye matuta yaliyojengwa na watu wenye hasira. Ama umepata mnunuzi anayetaka gari "ya kawaida". Ama mathe amekataa kubebwa. Kwa hivyo unatoa springi za zamani kwenye stoo, unapeleka gari kwa fundi, na unatarajia irudi vile ilivyotoka Japani. Hairudi.

Tuanze na bushi, kwa sababu hapo ndipo pesa zako zinapotelea. Watu wanadhani bushi ni kama beringi, kwamba kitu kinazunguka ndani yake. Hapana. Bushi ya kiwanda kwa gari nyingi tunazoendesha ni mpira uliogandishwa katikati ya vyuma viwili vya mviringo. Ukikaza bolti, kile chuma cha ndani kinabanwa, hakizunguki tena. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira ndio unajipinda. Maana yake ni kwamba kila bushi ina mahali ambapo imetulia, haijapindwa kabisa. Na mahali hapo huamuliwa na kitu kimoja tu: amu ilikuwa wapi wakati bolti inakazwa.

Sasa angalia vile kazi hufanywa. Gari iko juu kwa jeki, magurudumu yametolewa, amu zinaning'inia. Fundi anarudisha shoki na springi, anakaza kila bolti papo hapo, anarudisha matairi, anashusha jeki. Uzito wa gari unaposhuka, kila bushi inapindwa na kubaki imepindwa, mchana na usiku, ikitaka kurudi pale juu ilikofungiwa. Ni kama umeongeza springi ndogo kila kona. Lazima gari ikae juu! Shika tambara lililolowa, likamue nusu, kisha ujaribu kulishikilia hivyo siku nzima. Huo ndio mateso ya ule mpira. Baada ya muda unachanika, gari inaanza kugonga kwenye kila shimo, unanunua bushi mpya, na fundi yuleyule anazifunga tena hewani.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi sana. Kama wakati wa kushusha gari, fundi wako alikuwa makini na akafunga bushi gari ikiwa chini, leo ukirudisha springi za kiwanda bila kugusa bolti hizo, bushi zinavuta gari kuelekea kule chini zilikozoea. Gari inakaa chini kuliko inavyofaa, na unaambiwa "springi zimechoka, nunua zingine." Kosa ni lilelile, limevaa tu shati lingine. (Kama uliweka bushi za poliyurethani zile zinazozunguka huru, ruka aya hizi. Hazikuhusu.)

Binamu yangu ana Impreza ya 2005. Aliirudisha stoki kwenye gereji moja hapa Nairobi, na nyuma kushoto ikabaki imeinuka kuliko kulia kwa sentimita 2. Akaambiwa akatiwe koili, 3,000 kila upande. Nilimwomba asubiri Jumamosi. Tulienda mahali penye shimo la kuingia chini ya gari, gari ikabaki imesimama kwa matairi yake, tukalegeza bolti za linki za nyuma na za trela amu, tukaitikisa gari kwa kuisukuma kutoka kwa buti, tukaikokota mbele na nyuma, kisha tukakaza. Tofauti ya pande zile mbili ikabaki milimita 4. Hakuna kitu tulinunua. Na tafadhali, usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki pekee ati kwa sababu umesoma hapa. Tumia shimo au rampu.

Fundi wa kwanza alipoambiwa alicheka, akasema amefanya hii kazi miaka 20. Naamini. Lakini mtu anaweza kufunga bushi hewani miaka 20 bila kujua, kwa sababu gari ikiharibika baada ya miezi inarudi kama kazi mpya, si kama malalamishi. Sisemi mafundi wa jua kali ni wabaya. Wengine wao ndio walionifundisha hii kitu. Nasema mteja akiuliza swali, kicheko si jibu.

Na hiyo "itashuka yenyewe"? Kuna ukweli mdogo ndani. Gari ikitoka kwa jeki, matairi yanakuwa yamejivuta kwa ndani na yanashikilia gari juu hadi izunguke mita chache. Kwa hivyo usipime urefu wakati jeki bado ina joto la mkono. Endesha kidogo, pita matuta mawili, rudi. Springi mpya pia hujikaza kidogo mwanzoni. Lakini zako zilitembea miaka kabla uzitoe. Hizo zilishajikaza zamani. Sentimita 3 hazitaenda popote kwa maombi.

Kupima nako tunapima vibaya. Watu wanaweka vidole kati ya tairi na madigadi, wanasema "vidole vitatu". Vya nani? Pima kutoka katikati ya gurudumu, wima, hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, gari ikiwa mahali tambarare, bila watu ndani na bila magunia ya viazi kwa buti. Ukipima kutoka chini, tairi lenye upepo kidogo ama saizi tofauti linakudanganya. Andika namba kabla ya kazi na baada ya kazi. Fundi akiona una namba, mazungumzo yanabadilika haraka.

Sasa, si kila kitu ni bushi. Kuna springi iliyokaa vibaya: mwisho wa koili unafaa kugusa kile kituo kwenye sahani yake, na ikizunguka kidogo tu upande huo unainuka. Kuna mpira wa chini ya springi uliosahaulika sakafuni. Kuna stebilaiza linki iliyofungwa upande mmoja ukiwa hewani na mwingine chini. Na kuna springi ambazo si za gari yako. Unashuka Kirinyaga Road, unauliza springi za kiwanda, unapewa "zinaingia". Kuingia si kufanana. Za gari yenye injini nzito, ama ya magurudumu manne, zinaweza kuingia kwa ya magurudumu mawili na zikaiacha imesimama wima.

Wenye Forester za kizazi cha pili, sikieni. Baadhi yazo zilitoka kiwandani na shoki za nyuma zinazojiinua zenyewe gari ikibeba mzigo. Zikifa, nyuma inalala. Fundi anaweka shoki za kawaida, anaacha springi zilezile, na nyuma bado inalala, kwa sababu springi hizo ni laini. Zilitengenezwa zikijua shoki itasaidia kubeba. Dawa ni kuweka springi za Forester yenye shoki za kawaida. Dawa ya mtaa ni spesa, na nimeziona nyingi mno.

Kuhusu kukata, sina upole. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, na ule mwisho uliokatwa haukai sawa kwenye sahani. Gurudumu likining'inia, springi inaweza kuhama mahali pake. Hii ni gari unayopakia ndugu zako kwenda ushago. Kwa 3,000 unaharibu kipande ambacho hakikuwa na kosa, na huwezi kukirudisha.

Kitu kingine: alaimenti huja mwisho. Urefu ukibadilika, pembe za magurudumu zinabadilika, kwa hivyo ukifanya alaimenti gari ikiwa bado imesimama kama mbuzi, utailipia tena.

Kwa hivyo kabla ulipe, uliza fundi swali moja: "Bolti za amu ulizikaza gari ikiwa wapi?" Akijibu "kwa jeki", hajamaliza kazi, mwambie amalizie. Na kama zimekazwa chini, springi ni za gari hiyo na zimekaa vizuri, na bado kona moja imelala, nitumie vile vipimo vinne na picha ya koili ya chini kabisa, kwa sababu hapo ndipo springi hupenda kuvunjika kimyakimya, na ukiwa umesimama nje huwezi kuona.