Mabinti Zetu na Wimbi la Ramin



Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii tunawaomba mfuatane nasi hadi ng'ambo ya pili ya bahari yetu. Katika Ghuba ya Omani, upande wa Iran, mashariki kidogo ya bandari ya Chabahar, kipo kijiji cha wavuvi wa Kibulushi kiitwacho Ramin. Pwani hiyo ya Makran si ngeni kwa watu wa Mombasa. Huko ndiko walikotoka mababu wa ndugu zetu Wabulushi, wengi wao wakija kuwa askari wa watawala wa Kiomani. Hata upepo tunashirikiana nao: kusi inayotupiga sisi mwezi wa Juni huvuka ikweta na kuelekea huko, nayo ndiyo inayokuza mawimbi ya Ramin hadi Septemba.

Mawimbi hayo yana upole. Chini pana mchanga, hapana miamba. Wimbi huinuka, likajikunja taratibu, kisha likalala ufukoni likiwa povu. Watu ni wachache, wala hakuna anayegombea nafasi na mwenziwe. Mwanagenzi hulala kifudifudi juu ya ubao, akapiga maji kwa mikono kama apigaye kafi, na wimbi linapomnyanyua hujisukuma akasimama, akateleza nalo mpaka maji ya magoti. Akianguka, huangukia maji.

Mwaka 2010 alifika huko Easkey Britton, mwanamke wa Ireland aliyebobea katika mchezo huu, akaingia baharini hali amejistiri mwili na kichwa. Mwaka 2013 alirudi, akifuatana na wanawake wawili wa Kiirani: Mona Seraji, hodari wa kuteleza kwenye theluji, na Shahla Yasini, mwogeleaji na mpiga mbizi. Walijifunza pamoja, wakawafundisha na vijana wa kijiji, na Marion Poizeau wa Ufaransa akaitengenezea filamu safari hiyo. Hivyo, katika nchi ile, wanaotajwa kuwa waanzilishi wa mchezo huu ni wanawake.

Hatusemi kwamba kila binti anunuliwe ubao. Sehemu kubwa ya pwani yetu imezungukwa na mwamba, na wimbi huvunjikia mbali kabla ya kutufikia. Tunalouliza ni jambo la karibu zaidi: ni wangapi miongoni mwetu, akina mama tuliozaliwa tukiisikia bahari usiku kucha, tunaojua kuogelea?

Tuseme kweli. Siku ya Idi tunapokwenda ufukoni, mtoto wa kiume huvua shati akajitosa, na dada yake huachiwa kulinda viatu. Akiuliza kwa nini, tunamjibu kwa neno moja: stara. Lakini wale wa Ramin walikuwa na stara zao, nao wakaingia. Huenda kinachotuzuia ni mazoea, pamoja na hofu tuliyorithi kwa mama zetu ambao nao hawakufundishwa. Mashua ikipinduka kati ya Lamu na Manda, haitauliza nani wa kike na nani wa kiume. Katika hadithi aliyoipokea Imam An-Nasai, kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa mambo machache yasiyohesabiwa kuwa upuuzi.

Basi tuanze kwa kiasi chetu. Binti avae nguo ya kuogelea inayofunika mwili, nyepesi na isiyonywa maji, kwani buibui likilowa huwa zito na kumvuta chini. Twende kwa kundi, asubuhi na mapema ufuko ungali mtupu, tena awepo mwanamke mzima anayejua kuogelea, asiyeshika simu. Tuchague wakati maji yanapojaa. Yanapokupwa, mkondo hutoka kwa nguvu kupitia milango ya mwamba. Watoto wasipite maji ya kiunoni mpaka wajue kuelea. Na mtu akichukuliwa na mkondo, asishindane nao kwa kurudi moja kwa moja nchi kavu. Aelee, apige maji kwa upande sambamba na ufuko hadi atoke ndani yake, ndipo arudi.

Nanyi akina baba, mnaojua bahari kuliko sisi, msituachie kazi hii peke yetu. Mliwafundisha wana wenu wa kiume wangali wadogo. Dada zao nao wana haki hiyo kwenu.

Kusi ikitulia na maji yakawa shwari, tuwatoe mabinti zetu kwenye ulinzi wa viatu, tuwashike mkono, tuingie nao.

Wabillahi tawfiq.